Rubani wa Kiti

Mie nashona kofia. Kofia za mkono, zile za vitundu, ambazo mwanamume akivaa moja siku ya Ijumaa watu humtazama kichwani kabla ya usoni. Kofia moja inanichukua miezi mitatu, mara nyengine minne, inategemea macho yameamka vipi. Nakaa ukumbini kwangu Mkunazini, mlango wazi ili mwanga uingie, mguu mmoja nimeunyosha kwa sababu ya goti, na kazi yangu ni hiyo: kukaa, kutazama, kutia sindano, kukaa tena. Nimeanza na hilo makusudi. Nataka ijulikane mapema kwamba mtu aliyemdharau mwanawe kwa kufanya kazi ya kukaa na kutazama, mwenyewe miaka thelathini na tano alikuwa amekaa na anatazama. Sikuliona. Ukiniuliza kwa nini, nitakujibu kwamba kiburi hakina macho, na changu kilikuwa kikubwa kuliko nyumba niliyokuwa nikiishi.

Mwanangu alikuwa mmoja. Babake alifariki mtoto ana miaka sita, nikamlea kwa sindano hii hii. Hakuwa mtoto wa fujo. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu: redio, feni, saa ya ukutani ya marehemu babake, na akishavifungua alikuwa akivirudisha vikafanya kazi, isipokuwa ile saa. Alipomaliza skuli akajifunza kurusha droni, vile videge vidogo vya mapanga manne vinavyopiga picha angani. Akaanza na mahoteli ya Matemwe, akiwapigia picha pwani yao ili wageni waione kabla hawajaja. Kutoka huko akaingia kwenye maharusi, kwa sababu ulifika wakati harusi mjini isiyokuwa na picha za juu ilionekana kama imekosa biriani.

Nilimkataza jambo moja tu. "Baba, kidege chako kisipite uani kwa wanawake." Mnajua uani siku ya harusi kulivyo, wanawake vichwa wazi, wamejiachia, wanacheza. Akanijibu, "Mama, najua. Nikifika ukuta wa uani nakigeuza." Na kweli alikuwa akikigeuza. Watu wakampendea hilo. Wakisema kijana yule ana adabu hata akiwa juu ya mapaa.

Baadaye akapata kibarua cha mwezi mzima Kizimbani, kupiga picha mikarafuu ili ihesabiwe mti kwa mti, na nadhani huko ndiko alikoonekana. Jeshi lilikuwa linatafuta vijana wenye mkono wa kazi ile. Akaitwa, akapimwa, akachukuliwa. Siku aliyokuja kuniambia alikuwa amesimama pale mlangoni, hajavua hata viatu. "Mama, nimepata. Nitaendesha ndege zisizo na rubani."

Sikukosea kusikia. Masikio yangu ni mazima mpaka leo. Nilisikia kila neno, kisha nikachagua ninayoyataka: nikachukua ndege, nikachukua rubani, yaliyobaki nikamwachia mwenyewe. Kesho yake nikaenda Darajani kununua kanga yenye jina lisemalo *Asiye na mwana aeleke jiwe*. Nikaivaa kwenye harusi tatu mfululizo. Mtu akiniuliza, "Bi, mwanao jeshini kawekwa wapi?" nikimjibu, "Ni rubani," kisha nikitazama upande mwengine, kama mtu asiyependa kujisifu.

Alipokwenda bara kwa mafunzo mambo yalikuwa mazuri. Mtoto yuko mbali, haujulikani uongo wako. Taabu ilianza aliporudishwa Unguja. Alipangwa kwenye kambi moja kusini ya mji, kupita Mbweni, na kazi yake, kwa kiasi alichoruhusiwa kunieleza, ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye baridi mbele ya kioo na kuitazama bahari. Ndege iko juu, haina mtu. Yeye yuko chini, kwenye kiti. Anaingia asubuhi, anatoka alasiri, anarudi kwetu kwa miguu kutokea Darajani akiwa na boflo mbili za mkate kwapani zimefungwa gazeti.

Hizo boflo, wallahi, ziliniuma kuliko kitu chochote. Mie nilikuwa nimemtangaza rubani wa jeshi. Rubani gani anarudi kila siku saa kumi na mikate, kama karani wa bandarini? Jirani yangu wa mlango wa mbele, mwanamke mwenye mdomo lakini asiye mbaya, alikuwa akimwona anapita anasema kwa sauti ya kunifikia mimi, "Rubani kaleta boflo." Mwanangu akicheka. Akimwambia, "Shikamoo, mama. Nikukatie nusu?" Mie ndani nikitia sindano mahala si pake.

Kuna siku moja nataka niiseme hapa kwa sababu itarudi. Mashua ilizimika mashine upande wa Matemwe, ikachukuliwa na mkondo nje ya mwamba, watu saba ndani, siku mbili haionekani. Mji mzima ulikuwa kwenye dua. Siku ya tatu ikasikika kwamba wamepatikana, wote wazima, na helikopta imekwenda kuwachukua. Mwanangu usiku wake hakulala nyumbani, alituma neno kwamba ana zamu, na aliporudi alasiri ile macho yalikuwa mekundu. Nikammiminia chai, nikampa habari kama mgeni. "Umesikia? Watu wa helikopta wamewaokoa wale. Hao ndio wanajeshi." Akachovya boflo kwenye chai. "Naam, mama, nimesikia," akasema. Akala, akainuka, akalala bila ya kuvua soksi. Nikanung'unika peke yangu kwamba kukaa kwenye kiti nako kunachosha siku hizi.

Sasa ndo ikaja habari ya posa. Alikuwa amempenda msichana wa Mbweni, muuguzi, waliyeonana kwenye harusi alipokuwa akirusha kidege chake. Msichana mzuri, wa watu, mwenye haya lakini si bubu. Babake ni mstaafu wa serikali, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kauli iliyopigwa pasi. Nikasema huku ndiko. Nikamwita kaka yangu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko, aje kutuandikia barua.

Kwetu barua ya posa ni kazi ya wazee. Kijana mwenyewe haioni. Hata awe msomi wa kiasi gani, haioni. Ataambiwa "tumepeleka", halafu "wamejibu", yamekwisha. Inaandikwa na wazee, inapelekwa na wazee, inasomwa na wazee wa upande wa pili, na kila neno lililomo linakuwa dhamana ya ukoo. Kaka yangu akakaa pale mezani, akaandika bismillahi, akaandika salamu, akafika mahala akasimama. "Dada, kazi yake niandike mtumishi wa jeshi?"

"Andika rubani wa jeshi."

Akavua miwani. "Dada, mtoto si rubani."

"Anarusha ndege au harushi?"

"Anarusha."

"Basi andika."

Mie mkubwa kwake, na tangu utotoni hajawahi kunishinda kwa maneno. Akavaa miwani akaandika. Nikamsimamia mpaka akatia nukta.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, zuri kabisa. Mbweni wamekubali, na ndoa iwe mwezi wa Mfunguo Tatu. Nilipiga kigelegele kimoja tu, cha adabu, lakini mtaa mzima ulikisikia. Nikanunua uzi mpya mweupe, ule mzuri, nianze kofia ya bwana harusi.

Haukupita mwezi. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, na baba wa binti alimkuta mwanangu nje ya msikiti, akamshika mkono akamkalisha barazani kwa marafiki zake, wazee wa kahawa. Kaka yangu alikuwepo, ndiye aliyenihadithia. Mzee yule kwa furaha akasema, "Huyu ndiye rubani wetu." Miongoni mwao alikuwemo mtu aliyefanya kazi uwanja wa ndege miaka mingi. Akamuuliza, "Enhe, baba, unarusha ndege gani?"

Mwanangu hakujua lolote. Barua hakuiona. Akajibu kama alivyo. "Mzee, mie sipandi. Ndege inaruka yenyewe, mie nimekaa chini kwenye kiti naiongoza."

"Ala," akasema yule mzee. "Kumbe wewe rubani wa kiti."

Barazani wakacheka, na mwanangu akacheka nao, kwa sababu aliona ni mzaha mzuri. Mtu mmoja hakucheka. Baba wa binti alimaliza kahawa yake, akakipindua kikombe kwenye sinia, akaaga. Na jina hilo, mnaujua mji wetu, lilifika Mkunazini kabla ya mwenyewe.

Aliingia na boflo zake, akaziweka mezani, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. "Mama, kwenye barua mliandika nini?"

Nikamwambia. Sikudanganya, maana pa kudanganyia hapakuwepo tena.

Alizisogeza boflo pembeni. Kisha akasema, "Mngeniuliza." Hilo tu. Akaokota kipande cha kofia mapajani pangu akakiinua kwenye mwanga, kama anavyofanya mteja. "Mama, kazi yangu na yako ni moja. Unakaa, unatazama kitundu baada ya kitundu, ukipepesa macho umeharibu. Mie sijaona aibu yake iko wapi."

"Usinifananishe," nikamjibu. "Mie mwanamke mwenye goti bovu. Wewe una miguu miwili na bunduki ya serikali."

Astaghfirullah. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja.

Kutoka Mbweni hawakuvunja posa. Watu wa heshima hawavunji. Walituma neno kwamba tusubiri kidogo, binti ana masomo ya kumalizia. Kwetu "tusubiri kidogo" kila mtu anajua maana yake. Binti mwenyewe alinipigia simu, sauti ndogo lakini imesimama. "Mama, mie sikuposwa na ndege. Mwambie aje aongee na baba, baba si mtu wa kinyongo. Kilichomuudhi ni kuambiwa kitu kisichokuwepo." Mtoto wa watu alinifungulia mlango wazi kabisa, na mie nikaufunga kwa mikono yangu.

Maana mwanangu alitaka kwenda. Alifua kanzu, akaipiga pasi. Akaniambia, "Mama, nakwenda Mbweni kumtaka radhi mzee kwa ile barua. Nitamwambia tumekosea, kazi yangu ni hii, akitaka anipe, akitaka aninyime."

Nilimuuliza, "Utasema nani kakosea?"

"Nitasema tumekosea."

"Atajua ni mie. Mji mzima utajua mie muongo. Ukivuka kizingiti hicho na kanzu hiyo, ujue umenivua kanga barabarani."

Akasimama pale pale na kanzu yake. Ningenyamaza hapo, yangekwisha. Mngekuwa mnasoma habari ya harusi. Lakini hasira zangu zikishapanda hazijui kushuka, nikaendelea. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka moja moja kama dua, "Kama unataka kunisitiri, basi ifanye ile barua iwe na maana. Wenzako wanapelekwa nje, wanakabili risasi, wakirudi mtaa unasimama. Wewe unarudi na boflo. Kaombe kazi ya wanaume."

Alivua kanzu. Akaikunja vizuri, mstari kwa mstari, akaitia kabatini. "Haya, mama," akasema. Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo.

Wiki tatu baadaye akaniarifu kwamba ameomba kuhamishwa, aende na kikosi kinachokwenda kulinda amani nchi za watu. Huko hawakuhitaji mtu wa kiti, walihitaji askari wa miguu. Mkubwa wake alimkatalia mara mbili, akamwambia hatuna wa kukaa mahala pako. Akaomba mara ya tatu. Nami nilipoambiwa nilifurahi. Nitalisema hivyo hivyo, kwa sababu nikilisema vyengine nitakuwa naandika barua nyengine ya posa. Nilifurahi, nikaivaa ile kanga, nikaenda kwa jirani kuomba chumvi huku nina chumvi tele, ili nipate kumwambia.

Jioni ya mwisho kabla ya safari nilimpima kichwa. Kofia ya harusi haishonwi kwa kukisia. Unachukua uzi, unauzungusha juu ya masikio na kwenye paji, unafunga fundo panapokutana. Alikuwa amekaa chini, mgongo wake kwenye magoti yangu. Nywele amezikata fupi. Nikamtania, "Kichwa kisije kikanenepa huko kwa sifa, nitakosa kofia." Akacheka. "Kikinenepa utashona nyengine, mama. Si unakaa tu?" Huo ndio utani wake wa mwisho kwangu uso kwa uso, na alinichoma pale pale nilipostahili.

Alikuwa akipiga simu kila akipata nafasi. Ananiuliza kofia imefika wapi. Nikimwambia nimemaliza kipande cha juu, sasa nazunguka pembeni. Mara moja nilitaka kumwambia rudi. Neno lilifika kwenye meno. Nikaogopa ataniuliza, "Si wewe?" Hangeniuliza, hakuwa mtu wa hivyo. Lakini niliogopa, nikamuuliza chakula cha huko kikoje.

Walikuja watu watatu alasiri moja, wamevaa sare, mmoja kofia yake mkononi. Nilikuwa nimebakisha upana wa vidole viwili kofia kuisha. Wakasema gari walilokuwemo lilishambuliwa njiani, na kwamba hakuteseka. Kila askari anayekufa huwa hakuteseka. Nikawakaribisha chai. Nadhani niliwakaribisha, jirani ndiye anayesema hivyo, kwamba nilikuwa nikirudia "karibuni chai, karibuni chai" mpaka akaja akanishika mabega. Moyo wangu ulikuwa umekwenda mahala ambapo sijui.

Mji wetu mtu akifa hutangazwa redioni, na tangazo lina utaratibu wake: marehemu ni mtoto wa nani, mpwa wa nani, alikuwa akifanya kazi gani, anasaliwa msikiti upi, anazikwa wapi. Kaka yangu akakaa kwenye meza ile ile na kalamu. Akaandika bismillahi. Akawaandika wazee, akawaandika wajomba. Akafika mahala akasimama. Hakuniangalia. "Dada," akasema, "kazi yake niandike nini?"

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Wote walikuwa wakisubiri neno langu.

"Andika alikuwa mwanangu," nikamwambia. "Basi."

Akaandika.

Alizikwa Mwanakwerekwe, na watu walikuwa wengi mpaka barabara ikasimama. Niliambiwa, mie sikuwepo, wanawake hatuendi makaburini. Kaka yangu alirudi na vumbi miguuni akanieleza kwamba mzee wa Mbweni alilishika jeneza mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu zamu, na baada ya kuzika alisema mbele ya watu, "Nimepoteza mkwe, na alikuwa mwanamume." Na wanawake waliokuja matangani, mmoja baada ya mmoja, wakiniinamia wakiniita mama wa shujaa. Kila nilichokitaka nilikuwa nimekipata: mtaa ulisimama, na boflo hazikuja tena.

Siku ya tatu, siku ya hitima, alikuja msichana mmoja mwanajeshi. Alijifunga buibui kama sisi, akaketi mkekani karibu yangu, akasema wakikaa viti vya jirani na mwanangu kwenye kile chumba cha baridi. Nikamtazama. Mwanamke, mdogo, mikono laini. Hiyo ndiyo kazi niliyoiita si ya wanaume, nami sikuwahi hata kuuliza ni ya nani.

"Mama," akaniambia, "aliwahi kukuhadithia ile mashua ya Matemwe?"

Nikamwambia mie ndiye niliyemhadithia yeye.

Akainamisha kichwa. "Ni yeye aliyeiona. Zamu yetu iliisha alasiri ya siku ya pili, akakataa kuinuka. Alikaa usiku kucha mpaka asubuhi, anasema bahari ile anaijua, mkondo utakuwa umewapeleka huku. Kitu chenyewe kwenye kioo kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Sisi sote tulikuwa tumekipita. Helikopta ilikwenda alikoielekeza." Akafuta macho na pembe ya mtandio. "Tulimwambia akwambie wewe angalau. Akasema mama ana habari yake tayari, anaipenda ilivyo."

Sikulia mbele yake. Niliomba niinuliwe, nikaingia chumbani, nikalifungua kabati, na kanzu ilikuwa pale imekunjwa mstari kwa mstari. Hapo nikalia, nikalia mpaka goti likasahau kuniuma. Nilikuwa nimemsimulia ushujaa wake mwenyewe kwa kumtukana, na yeye akachovya boflo akasema naam.

Kofia niliimaliza. Watu wananiuliza kwa nini, na kuna aliyetaka kuinunua. Haiuzwi. Nimeipima kwa ule uzi wenye fundo na imekaa sawa sawa. Iko ndani ya sanduku pamoja na uzi. Ile kanga nimeikata matambara ya jikoni, jina lake sitaki kuliona limekamilika.

Yangekuwa yamekwisha hapo, lakini mwaka huu jirani yangu wa mlango wa mbele alikuja kwangu, uso umekunjamana. Mwanawe naye amechukuliwa na jeshi. "Mwenzangu," akasema, "nlidhani watampa kazi ya maana. Wamempeleka kule kwenye viti. Kijana mrefu vile, anakwenda kukalishwa. Nataka nimwambie aombe kutoka, nawe umepita njia hiyo, wajua pa kuanzia. Mwanao alifanya vipi?"

Nikamwambia, "Mwache akae."

Alisubiri niendelee, nikainamia sindano yangu. Midomo yake ikabana. "Haya, Bi, nimesikia," akasema, akaondoka. Na haikufika magharibi nikamsikia barazani kwake anawaambia wenziwe, kwa sauti ile ile ya zamani ya kunifikia, kwamba mama wa shujaa hataki mtoto wa mwenziwe apande, husuda hata kwenye msiba haimtoki mtu.

Nilikaa na sindano mkononi. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na ningebaki mama wa shujaa. Nikaweka kofia chini, nikavaa kanga nyengine, nikavuka uchochoro na goti langu. Walikuwa wanawake watano. Wakanipisha nafasi kwenye baraza, sikukaa.

"Mwanangu hakuwa rubani," nikasema. "Ile barua niliandikisha mie, kaka yangu alinikataza. Alikuwa na kiti chake, kazi nzuri, anairudia nyumba yake kila alasiri. Nikamwonea haya. Nikamwambia akaombe kazi ya wanaume, akanitii. Hakupelekwa na jeshi, nilimpeleka mie. Sasa mmejua. Mwache mwanao akae."

Kikombe cha mtu kililia kwenye sahani. Nikageuka nikarudi kwangu, na kizingiti changu siku ile kilikuwa kirefu kukivuka.

Jirani hakunisemesha kwa wiki nzima. Sikumlaumu. Halafu alasiri moja nikasikia hatua uchochoroni, hatua za buti, za mtu aliyechoka asiye na haraka. Kijana wake alipita mbele ya mlango wangu, mrefu kweli, na kwapani ana boflo mbili zimefungwa gazeti. "Shikamoo, mama," akanambia. "Marahaba, baba." Akaingia kwao. Nikamsikia mamake kutoka uani akimwambia, "Ushafika? Weka mezani, nnakuja."

Mie nikarudi kwenye sindano yangu. Siku ile nilikosa vitundu vitatu, ikanibidi nifumue.